Somo la Lishe ya Kaya: Supu ya Nyama ya Kusaga na Mboga kwa Mlo wa Jioni

Katika kaya nyingi za kata zetu, chakula cha jioni hupikwa na mtu aliyekwisha kuchoka. Amerudi kutoka shambani, sokoni au kazini saa kumi na mbili. Watoto wana njaa, mkaa ni wa kupimwa, na nyama iliyomo kikapuni ni nusu kilo tu. Somo la toleo hili linaeleza jinsi nusu kilo hiyo, ikisagwa na kupikwa pamoja na mboga katika sufuria moja, inavyoweza kuwatosha watu sita kwa muda usiozidi saa moja. Linaeleza pia tahadhari ambazo nyama ya kusaga inazidai kuliko nyama ya vipande, kwani mlo huu humfaa anayeufuata utaratibu na huweza kumdhuru anayeupuuza.

Faida ya kusaga

Nyama ya vipande hugawiwa kwa vipande, na ugawaji huo aghalabu hufuata cheo. Baba au mgeni hutengewa minofu, vijana wakubwa hufuata, na mtoto mdogo huambulia mchuzi pamoja na kipande kimoja, pengine chenye mfupa zaidi ya nyama. Mama, ambaye mara nyingi ndiye mpishi, hula kilichosalia, hata akiwa mjamzito.

Mahitaji ya mwili hayafuati mpangilio huo. Mtoto anayekua na mama mjamzito ni miongoni mwa wanaohitaji zaidi madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Mtoto anayeyakosa huchoka upesi na hupungukiwa na umakini darasani. Mjamzito mwenye upungufu mkubwa wa damu huwa hatarini zaidi anapotokwa na damu wakati wa kujifungua.

Nyama iliyosagwa haina kipande cha mtu fulani. Huenea katika sufuria nzima, na kila upawa unaochotwa hubeba sehemu yake. Nusu kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa wala mafuta mengi ina takriban gramu 100 za protini. Ikigawiwa kwa watu sita, kila mmoja hupata gramu 16 hivi, mbali na zile zitokazo katika njegere na viazi. Zaidi ya hayo, madini ya chuma yaliyomo katika nyama hufyonzwa na mwili kwa urahisi kuliko yale ya mimea, na nyama ikiliwa pamoja na mboga huusaidia mwili kufyonza madini ya mboga hizo pia.

Hatari ya kusaga

Mashine ile ile inayoieneza nyama huvieneza pia vijidudu. Katika kipande kizima, vijidudu vingi hukaa juu, pale palipoguswa na kisu, mikono, nzi au meza; moto unapoupata uso wa kipande, huviua. Nyama inaposagwa, uso huo huvunjwa na kuchanganywa na sehemu ya ndani, na mabaki ya nyama ya jana yaliyonasa katika mashine huingia humo. Kwa sababu hiyo nyama ya kusaga huharibika upesi kuliko nyama nzima, na hailiwi ikiwa nusu mbichi.

Kuiosha hakusaidii. Maji hayafiki ndani ya nyama iliyosagwa, na matone yanayoruka hupeleka vijidudu kwenye vyombo na mboga zilizo karibu. Kinachoviua ni joto. Nyama ya kusaga huhesabiwa kuwa salama sehemu yake yote inapofikia nyuzi joto 71 za Selsiasi. Supu inayotokota hulipita joto hilo kwa mbali, hata katika maeneo yenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95. Hii ndiyo sababu supu ni miongoni mwa njia salama za kupika nyama ya aina hii, mradi mabonge yote yavunjwe.

Kununua nyama

Nunua nyama kutoka katika bucha inayouza nyama iliyokaguliwa. Kabla nyama haijatoka machinjioni, mkaguzi huitazama ili kubaini dalili za maradhi kama kifua kikuu cha ng'ombe na vifuko vya minyoo tegu, kisha huigonga muhuri. Mnunuzi ana haki ya kuomba kuonyeshwa muhuri huo, naye muuzaji mwaminifu hakasiriki kuulizwa.

Nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe, yaani kibudu, isinunuliwe wala isiliwe, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa. Mnyama huyo huenda amekufa kwa kimeta, ugonjwa unaowaambukiza wanadamu, na vimelea vyake vinaweza kustahimili hata kuchemshwa. Usimchune wala usimpasue. Toa taarifa kwa Afisa Mifugo.

Chagua kipande chako kwanza, kisha uombe kisagwe mbele yako badala ya kuchukua nyama iliyokwisha kusagwa na kuachwa wazi. Tazama kama mashine ni safi. Usiporidhika nayo, chukua kipande kizima ukakikatekate nyumbani kwa kisu kikali mpaka kiwe vidogo kama punje za mahindi. Supu haitapungukiwa na ladha. Nyama iwe kitu cha mwisho kununuliwa, na ipelekwe nyumbani moja kwa moja. Asiye na jokofu ainunue siku ile ile ya kuipika. Mwenye jokofu asiiweke zaidi ya siku moja au mbili, isipokuwa ikigandishwa.

Mahitaji kwa watu sita

Nyama ya kusaga nusu kilo, mafuta ya kupikia kijiko kimoja cha chakula, vitunguu maji viwili, punje nne za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi chenye ukubwa wa kidole gumba, nyanya nne zilizoiva, karoti tatu, viazi mviringo vinne vikubwa, robo ya kabichi ndogo, kikombe kimoja cha njegere mbichi, fungu moja la mchicha, nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba, pilipili manga kidogo, kijiko kimoja cha chai cha chumvi yenye madini joto, ndimu moja, na maji safi lita mbili.

Mboga hizi zaweza kubadilishwa kwa kadiri ya msimu na mfuko. Boga au viazi vitamu hushika nafasi ya viazi mviringo. Maharage yaliyokwisha kuiva hushika nafasi ya njegere. Matembele au majani ya maboga hushika nafasi ya mchicha. Visiondolewe vyote kwa pamoja: katika sufuria pawepo kitu cha kushibisha, jamii ya mikunde, na mboga ya majani.

Utaratibu wa kupika

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Osha mboga zote zikiwa nzima, ndipo uzikate. Zikioshwa baada ya kukatwa, sehemu ya vitamini huenda na maji. Kata mboga kabla ya kuigusa nyama, au tumia ubao na kisu tofauti. Menya viazi, kisha ukate viazi na karoti vipande vidogo vinavyolingana ili viive kwa wakati mmoja.

Pili, pasha sufuria pana, tia mafuta, kisha tandaza nyama iwe tabaka jembamba. Iache dakika tatu bila kuikoroga. Wapishi wengi huanza kukoroga mapema. Nyama hutoa maji, ikachemka katika maji hayo na kubaki ya kijivu isiyo na harufu. Ikiachwa itulie, upande wa chini hupata rangi ya hudhurungi, na ladha ya supu nzima hutoka hapo. Baada ya hapo igeuze na uyavunje mabonge kwa mwiko mpaka pasiwepo hata moja. Endelea kwa dakika tano hivi. Mafuta yakizidi, yapunguze kwa kijiko.

Tatu, ongeza vitunguu maji, na vikilainika tia kitunguu saumu, tangawizi, bizari na pilipili manga. Koroga dakika moja, kisha tia nyanya zilizokatwakatwa. Kwangua kwa mwiko yale yaliyoshika chini ya sufuria ili yachanganyike na rojo, yasitupwe. Acha nyanya zipondeke.

Nne, tia maji, karoti, viazi na njegere. Funika. Supu ikichemka, punguza moto iendelee kutokota polepole kwa dakika 20. Mfuniko hutunza joto na kuokoa mkaa au gesi. Kisha ongeza kabichi na chumvi, uendelee kwa dakika tano. Tazama kiazi: kikipasuka kwa kijiko bila nguvu, kimeiva. Ponda vipande vichache vya viazi ubavuni mwa sufuria ili supu iwe nzito.

Tano, tia mchicha, funika dakika tatu, kisha ipua. Mboga ya majani huwekwa mwisho kwa kuwa vitamini C hupotea kwa moto wa muda mrefu. Kamua ndimu baada ya kuipua, kwa sababu hiyo hiyo. Vitamini C hiyo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya mboga na njegere. Maji ya supu yasimwagwe wala yasiachwe bakulini, kwani vitamini na madini yaliyotoka katika mboga yamo humo.

Kupakua na kula

Koroga kutoka chini kabla ya kila upawa, maana nyama huzama. Mpakuaji asiyekoroga huwapa wa kwanza maji na wa mwisho nyama. Supu hii huliwa peke yake, au pamoja na mkate, chapati au ugali kidogo.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza vyakula vya nyongeza, chota sehemu yake baada ya viazi kuiva lakini kabla ya kutia chumvi, uiponde mpaka iwe laini na nzito kiasi cha kutuama kwenye kijiko. Mtoto huyu aendelee kunyonya maziwa ya mama. Supu iliyochujwa ikawa maji matupu humjaza tumbo bila kumpa lishe.

Chai na kahawa zisinywewe pamoja na mlo huu. Zina viambata vinavyozuia madini ya chuma yasifyonzwe. Ni vema kusubiri walau saa moja. Tunda kama chungwa, papai au pera hufaa zaidi. Mama mjamzito anayepewa vidonge vya madini ya chuma kliniki aendelee kuvimeza kama alivyoelekezwa. Mlo huu ni msaada wa vidonge hivyo, si mbadala wake.

Supu iliyobaki

Supu isikae nje zaidi ya saa mbili baada ya kupikwa. Mwenye jokofu aigawe katika vyombo vidogo ili ipoe haraka, aihifadhi, na aipashe mpaka itokote kote kabla ya kuila kesho yake. Asiye na jokofu apike kiasi kitakachokwisha jioni hiyo. Vipimo vya somo hili vyaweza kugawanywa nusu.

Desturi ya kuiacha supu jikoni usiku kucha na kuichemsha asubuhi kwa ajili ya watoto waendao shule inapaswa kuachwa. Kuchemsha huua vijidudu vilivyoota usiku, lakini baadhi yake huwa vimekwisha kutoa sumu isiyoharibiwa na moto wa jikoni. Supu hiyo yaweza kuwa na harufu nzuri na bado ikamletea mtoto kutapika na kuharisha.

Huduma zilizopo

Mwananchi anayetilia shaka usafi wa bucha, au anayeona nyama isiyo na muhuri ikiuzwa, atoe taarifa kwa Afisa Afya wa Kata au katika ofisi ya Mtendaji wa Kata. Atakayepatwa na kuhara damu, homa au kutapika kusikokoma baada ya kula nyama awahi kituo cha kutolea huduma za afya bila kungoja kesho, hasa akiwa ni mtoto. Maafisa ugani hutoa ushauri wa kulima mchicha, karoti na vitunguu katika bustani ndogo ya nyumbani, hata kwenye viroba.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini nyama ya kusaga ni hatari zaidi ikiwa nusu mbichi kuliko kipande kizima cha nyama?

2. Mchicha na ndimu huwekwa mwisho. Eleza sababu.

3. Nyumbani kwako, ni nani hupakuliwa nyama kidogo kuliko wote, na je, ndiye anayeihitaji kidogo kuliko wote?

Swali la tatu lijibiwe mezani, na kaya nzima ikiwepo.