MJUE SHOMORO MGENI KABLA HAMJATEGA SUMU



Tuseme kikundi chenu kina mradi wa kuku. Kila asubuhi ndege wadogo wa kahawia wanaingia bandani, wanakula chakula mlichonunua kwa pesa ya mchango na kuchafua maji. Kwenye mkutano mmoja wenu anasimama: "Hawa dawa yao ni sumu tu!" Kabla hamjakubaliana, ngojeni kidogo. Je, mnajua ni ndege gani?

Mgeni huyu ni nani?

Pengine ni shomoro wa nyumbani. Kwao ni Ulaya, Asia na Afrika ya Kaskazini, lakini watu wamemfikisha karibu dunia nzima. Hapa Kenya alikaa Mombasa miaka mingi, halafu akapanda bara, mji kwa mji, mpaka Nairobi na nyanda za juu. Yeye hana haja na msitu. Anafuata watu: paa la mabati, duka, posho mill, banda la kuku.

Lakini tunao pia shomoro wetu wa asili, na wanafanana naye sana.

Namna ya kuwatofautisha

Anzeni na dume. Msitegemee kichwa peke yake, maana dume wa mgeni na dume wa shomoro mwekundu wa Kenya wote wana utosi wa kijivu na wekundu kando. Angalieni hivi:

1. Macho. Ya mgeni ni meusi-meusi. Ya shomoro mwekundu wa Kenya ni meupe-meupe.

2. Juu ya mkia, anaporuka. Mgeni ni wa kijivu. Wetu ni mwekundu wa kutu.

3. Koo. Dume mgeni ana doa jeusi pana linaloshuka mpaka kifuani. La wetu ni jembamba.

4. Jike. Jike mgeni hana doa kooni, ana mstari hafifu juu ya jicho. Jike wetu ana doa dogo la kijivu.

5. Mkiona kichwa cha kijivu kitupu, bila doa kooni, huyo ni shomoro mwingine wa asili.

Na wale wanaotua shambani kwa maelfu kama moshi, wengi wakiwa na mdomo mwekundu? Hao ni kwelea-kwelea. Mwambieni ofisa wa kilimo mapema.

Kwa nini tusitege sumu?

Sumu haichagui. Itaua mgeni, itaua wa asili, na kuku au mbwa akila mzoga naye yuko hatarini. Tena shomoro hulisha makinda yao wadudu. Mwaka wa 1958 serikali ya China iliamuru watu waangamize shomoro wa kule, ati wanamaliza nafaka. Waliuawa wengi mno, wadudu wakazidi mashambani, na mwaka wa 1960 shomoro wakaondolewa kwenye orodha ya maadui.

Tufanye nini basi?

Mgeni anafuata vitu viwili: chakula cha bure na mahali pa kutagia. Mnyimeni vyote viwili.

- Fagieni chakula kilichomwagika kila jioni, na magunia yafungwe.
- Wekeni wavu wenye matundu yasiyofika sentimita 2. Ule wavu wa kuku wenye matundu makubwa, shomoro anapenya.
- Zibeni nafasi kati ya ukuta na paa kabla hajajenga kiota.
- Osheni vyombo vya maji kila siku, kwa sababu ndege wa nje wanaweza kuleta magonjwa na utitiri.

Kazi ya kikundi

Wiki hii watu wawili wakae karibu na banda asubuhi, nusu saa, wakiwa na daftari. Waandike macho, koo na rangi juu ya mkia. Kisha mjadiliane:

1. Wageni ni wangapi, na wa asili ni wangapi?
2. Wanaingilia wapi hasa?
3. Nani ataziba hapo, na lini?

Mkishajibu hayo, mtaona kama mlihitaji sumu au fagio na wavu.