Sentensi za Kitabuni Zinazochekesha, na Faida Yake

Mwalimu amesimama mbele ya darasa. Anakwenda mlangoni polepole, na huku akitembea anatangaza kwa Kiingereza ya kwamba anakwenda mlangoni. Akifika anasema kwamba anafungua mlango, kisha anaufungua. Watoto wote wanamwona kwa macho yao, walakini wanaitikia kwa sauti moja ya kwamba mwalimu anafungua mlango. Watu wengi wa Afrika ya Mashariki waliosoma Kiingereza shuleni wanalikumbuka somo la namna hii, na wakikutana wakiwa watu wazima hulicheka. Tangu walipotoka shule hawajapata kumwona mtu mwenye akili timamu akiwatangazia wenzake safari yake ya kwenda mlangoni.

Kicheko hicho si kibaya, na ndani yake mna mafunzo. Leo tutazame sentensi hizi zilitoka wapi, kwa nini zinachekesha, na jinsi mwanafunzi awezavyo kupata faida kwazo.

KUMTAFUNA KIMA

Mwaka 1855 kilichapishwa mjini Paris kitabu cha mazungumzo cha kuwafundisha Wareno Kiingereza. Mtungaji wake, Pedro Carolino, yaonekana hakukijua Kiingereza. Yasadikiwa ya kwamba alitwaa kitabu cha mazungumzo ya Kireno na Kifaransa, akafungua kamusi ya Kifaransa na Kiingereza, akabadilisha neno moja moja. Kwa njia hiyo msemo wa Kifaransa wenye maana ya kungoja mpaka kuchoka uligeuka kuwa kumtafuna kima mdogo. Mreno aliyekisoma kitabu kwa bidii na kukitumainia angeweza kumwambia Mwingereza ya kwamba amemtafuna kima tangu asubuhi, huku akidhani amelalamika kwa adabu kwamba amecheleweshwa. Mwaka 1883 Waingereza walikichapisha tena ili watu wacheke, na mwaka huo huo Mark Twain, mwandishi mashuhuri wa Marekani, aliandika dibaji ya chapa iliyotolewa kwao.

Kosa lenyewe si gumu kulitambua. Sisi husema kupiga pasi, kupiga picha na kupiga simu, wala hakuna aliyeumizwa. Mgeni akifasiri maneno hayo moja moja, atadhani nyumba zetu zimejaa ugomvi. Msemo hufasiriwa mzima kwa maana yake. Ukikatwa vipande, maana hufa.

HABARI ZISIZO NA HAJA

Kuna sentensi za namna ya pili, ambazo hazina kosa lo lote la sarufi, na bado zinachekesha. Mwaka 1929 Mfaransa Alphonse Chérel alitoa kitabu cha kuwafundisha wenzake Kiingereza bila taabu, naye ndiye aliyeanzisha vitabu vya Assimil. Humo mwanafunzi alijifunza, mapema kabisa, kuarifu ya kwamba mshonaji wake wa nguo ni tajiri. Sentensi hiyo ilipata sifa kubwa Ufaransa, na watu wakaifanyia mzaha kwa miaka mingi. Maneno ni sahihi, lakini ni nani atakayeuliza habari za mali ya mshonaji wako?

Eugène Ionesco, mzaliwa wa Rumania aliyekaa Paris, alianza kujifunza Kiingereza mwaka 1948 kwa kitabu cha Assimil. Alinakili sentensi kwa uangalifu, akakuta anafundishwa mambo ya ajabu: kwamba juma lina siku saba, na kwamba sakafu iko chini na dari iko juu. Halafu akamkuta mke akimweleza mumewe ya kwamba wana watoto, kwamba wanakaa karibu na London, na hata jina lao ni nani, kana kwamba mume hayajui hayo.

Ionesco hakuwa bingwa wa Kiingereza, bali alitunga mchezo wa kuigiza ulioonyeshwa mara ya kwanza Paris tarehe 11 Mei 1950. Katika mchezo huo mwanamume na mwanamke wanazungumza kama wageni. Wanashangaa kugundua ya kwamba walipanda gari moshi moja, wanakaa mtaa mmoja, nyumba moja, na kulala kitanda kimoja. Mwishowe wanaamua ya kwamba yamkini wao ni mtu na mkewe. Watazamaji hucheka, kisha hunyamaza kidogo, maana wanaona jinsi watu wawezavyo kusemezana kwa maneno sahihi bila kuambiana neno lo lote.

MTOTO NA KINU

Je, watungaji wa vitabu hivyo walikuwa wapumbavu? Hasha. Tusikie habari za François Gouin, mwalimu Mfaransa wa karne ya kumi na tisa. Alikwenda Hamburg kujifunza Kijerumani. Alikariri sarufi na vitenzi 248 visivyofuata kanuni, akaenda kusikiliza mafundisho, asielewe hata neno. Baadaye alikariri kamusi nzima yenye maneno 30,000, na bado hakuelewa.

Aliporudi kwao alimkuta mpwa wake, mtoto wa miaka mitatu hivi, akizungumza Kifaransa bila shida. Mtoto alipelekwa kutazama kinu cha kusagia nafaka, na aliporudi akaigiza kazi yote kwa mchezo, huku akisimulia kila tendo kwa taratibu yake. Gouin akatambua ya kwamba lugha huingia pamoja na matendo. Katika kitabu chake cha mwaka 1880 alieleza njia ya kufundisha kwa matendo yanayofuatana, na mfano wake maarufu ni wa mtu anayekwenda mlangoni na kuufungua.

Basi sentensi ya mlango ilitungwa ili mtoto aone maana kwa macho pasipo kufasiriwa. Ni kama jukwaa la mwashi, ambalo kazi yake ni kumfikisha juu ya ukuta. Ubaya ni kuhamia jukwaani na kuiacha nyumba.

HATARI YA KUKOMEA KITABUNI

Mtu wa kwetu aweza kusafiri hata Uingereza akiwa na cheti kizuri. Anajua kusema ya kwamba kalamu iko juu ya meza. Usiku mtoto wake anaugua, na mbele ya daktari hapati maneno ya kusema kwamba mtoto ametapika mara tatu na hataki maziwa. Hapo hakuna anayecheka.

Wageni waliojifunza Kiswahili walipatwa na jambo hilo pia. Vitabu vingi walivyotungiwa walowezi zamani za ukoloni vilijaa amri za jikoni na shambani. Mtu aliweza kukaa nchini miaka mingi akijua kuagiza maji ya moto, asijue kumwuliza mpishi wake watoto wake hawajambo. Hivyo kitabu kiliamua nani atazungumza na nani, na juu ya jambo gani.

MAMBO YA KUFANYA

Yafaa kila mwanafunzi, na kila mwalimu, ashike mambo haya manne:

1. Kila usomapo sentensi, jiulize: ni nani anayesema, anamwambia nani, na kwa haja gani? Ikiwa huna jibu, itungie haja.

2. Shika umbo la sentensi, ubadilishe maneno yake. Kalamu iliyo juu ya meza igeuke kuwa ufunguo, barua, au dawa ya mtoto.

3. Geuza habari iwe swali. Vitabu hutufunza sana kuarifu, lakini mgeni huhitaji zaidi kuuliza: dawa iko wapi, basi linaondoka saa ngapi, tafadhali sema tena polepole.

4. Usifasiri msemo neno kwa neno. Uliza wenye lugha husemaje, ukariri kama ulivyo.

Jioni ya leo chukua sentensi tano za kitabu chako, hasa zile zinazokuchekesha, uzigeuze ziwe maneno utakayoyahitaji kesho. Cheka kwanza, kisha fanya kazi. Na ukikwama mbele ya mwenye lugha, usione haya. Wazee wetu walisema, kuuliza si ujinga.