Nani Amsemee Mume au Mke Mbele ya Baraza na Mahakama?

Ndugu msomaji, yapo maswali ambayo watu huyauliza kwa sauti ya chini, na hili ni mojawapo: nyumba ikiingia mfarakano na shauri likatoka nje, ni nani awezaye kusimama upande wa mume au wa mke? Kwa yule aliyeingia katika dini peke yake, jamaa zake wakabaki katika desturi ya zamani, swali hili ni zito, maana hudhani ya kuwa hana tena mtu wa kumsemea.

Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa aya ya 36 (aya ya 35 kwa wasioihesabu Bismillahi), yaagiza kwamba ikihofiwa mfarakano baina ya wawili hao, ateuliwe mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume na mmoja kutoka jamaa za mke. Hawa hawakuitwa kushindana, bali kutafuta suluhu. Tena aya imetaja jamaa, wala haikuweka sharti la dini yao. Nionavyo mimi, mjomba asiyeswali, akiwa mtu wa haki, haifai kumkataa kwa sababu hiyo tu.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yakaribiana sana na agizo hilo. Kwa kifungu cha 101, ombi la talaka halipokelewi mahakamani mpaka shauri lifikishwe kwanza mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo lithibitishe kwa cheti kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mkazi wa Binza, huko Maswa mkoani Simiyu, ataanzia katika Baraza la kata. Humo yuko mwenyekiti pamoja na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Kifungu cha 104 chasema wazi: wakili haruhusiwi kabisa kumtetea mtu mbele ya Baraza, na asiye wa familia ya mhusika hawezi kumwakilisha ila kwa idhini ya Baraza lenyewe. Basi ndugu wa damu ana nafasi ambayo wakili hana. Sheikh au jirani mwema yampasa aombe ruhusa kwanza.

Lakini hapa pana jambo ambalo watu hulichanganya, hasa Usukumani ambako ng'ombe wa mahari hupita mikononi mwa wazee. Baba au kaka aliyewapokea ng'ombe hao huweza kujiona ndiye mwenye shauri. Sivyo. Kifungu cha 99 humpa haki ya kuomba talaka au kutengana yule aliyeoa au kuolewa, si mzazi wake. Mzazi aweza kumsemea binti yake, kumwamulia hawezi. Na Baraza lapaswa kumpa kila mmoja wa wanandoa nafasi ya kusikilizwa.

Shauri likifika Mahakama ya Mwanzo, yatumika Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984. Kifungu cha 33 chairuhusu mahakama kumkubali jamaa, au mtu anayeishi nyumba moja na mhusika, kumwakilisha katika shauri la madai, *kwa ombi la mhusika mwenyewe*. Yashike maneno hayo: mke asipoomba, shemeji hana ruhusa ya kusimama kwa niaba yake. Tena mwakilishi hageuki kuwa shahidi wa mambo asiyoyaona. Yaliyotendeka chumbani, mwenyewe ndiye atakayeyaeleza.

Mawakili walizuiwa katika Mahakama ya Mwanzo kwa miaka mingi. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, wakaruhusiwa pale tu mahakama inapoongozwa na hakimu mkazi. Katika Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, wakili hufika kama kawaida. Asiye na wakili aweza kujitetea mwenyewe.

Na je, mume akiitwa na Baraza akakataa kwa makusudi? Mke hafungiwi mlango. Kifungu kile kile cha 101 chamsamehe sharti la cheti, kama kimsamehevyo aliyetelekezwa na mwenzake asijue aliko, na yule ambaye mwenzake amehukumiwa kifungo cha miaka mitano au zaidi. Yampasa tu kuiambia mahakama sababu hiyo tangu siku ya kuwasilisha ombi.