Somo la Tano: Kuzipima Video za Mtandaoni Kuhusu Maumivu ya Goti

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji ataweza kuitofautisha video inayofundisha na video inayouza, kuzitambua dalili za goti zisizofaa kusubiri, na kujua pa kupeleka malalamiko yake.

Kwa nini goti

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa wa kulika kwa maungio, ambao wengi wetu huuita kusagika. Goti ndilo linaloathirika zaidi: wagonjwa wapatao milioni 365. Ugonjwa huu huja polepole na kukaa miaka mingi, na maumivu yake hupanda na kushuka yenyewe.

Kupanda na kushuka huko ndiko kunakompa muuzaji nafasi. Mgonjwa huitafuta dawa siku ambayo maumivu yamezidi. Baada ya siku chache maumivu hupungua, kama ambavyo huenda yangepungua bila dawa yoyote, na sifa huiendea chupa aliyoinunua. Akisimama mbele ya kamera kutoa ushuhuda, huenda hasemi uongo; lakini ushuhuda wake hauthibitishi kwamba dawa ile ndiyo iliyomponya.

Jambo hili lilidhihirika katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliofanyika Houston, Marekani, kwa wagonjwa 180 wenye magoti yaliyolika. Baadhi yao waliingiziwa kamera ndogo ndani ya goti, likasafishwa. Wengine walichanwa ngozi tu na kushonwa, pasipo kujua. Walifuatiliwa kwa miaka miwili. Waliofanyiwa upasuaji wa kweli hawakupata nafuu zaidi ya wale waliochanwa ngozi, ingawa makundi yote yalikuwa na watu waliosema wamepata nafuu. Ikiwa mtu aweza kuhisi nafuu kwa upasuaji ambao haukufanyika, mlaji asishangae kuona shuhuda nyingi za dawa isiyotibu.

Wingi wa watazamaji si kipimo

Watafiti wa nchi mbalimbali wamezichunguza video za YouTube kuhusu kulika kwa goti, kuchanika kwa kano zake na kuumia kwa gegedu. Tafiti nyingi zimeona kwamba ubora wa jumla ni hafifu, na kwamba video inayotazamwa sana si lazima iwe bora kuliko isiyotazamwa. Zile za madaktari na taasisi za tiba kwa kawaida hupata alama za juu zaidi, ila nazo mara nyingi huacha mambo muhimu.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mitandao hupendekeza kile kinachowashika watazamaji, na ahadi ya kupona kwa siku saba humshika mtu kuliko ushauri wa mazoezi ya miezi mitatu.

Maswali saba ya kuuliza

Mwaka 1997, jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilipendekeza mambo manne ya kuangaliwa katika taarifa za afya mtandaoni. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wataalamu wa Uingereza nao walitunga kipimo cha maswali 16 kiitwacho DISCERN. Kutokana na vipimo hivyo viwili, mlaji aweza kujiuliza yafuatayo:

1. Anayezungumza ni nani, na ana taaluma gani? Koti jeupe si cheti. Daktari wa Tanzania Bara husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.
2. Maelezo yake ameyatoa wapi? "Utafiti unaonyesha" bila kuutaja utafiti wenyewe si jibu.
3. Nani ananufaika? Video inayoishia kwa namba ya simu ya kuagizia dawa ni tangazo la biashara.
4. Ilitengenezwa lini?
5. Je, imetaja madhara ya tiba inayoisifu?
6. Je, imetaja njia nyingine za matibabu?
7. Je, imeeleza nini kitatokea mgonjwa asipotumia tiba hiyo?

Maswali matatu ya mwisho ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa muuzaji aweza kujipamba kwa jina na cheo, lakini ni nadra kuwa tayari kuyataja madhara ya bidhaa yake.

Mfano wa kuchambua

Tuichukue hoja inayosambaa sana: kwamba maumivu ya goti hutokana na ute kukauka, na kwamba maji ya bamia huurudisha. Hoja hii huaminika kwa sababu imebeba chembe ya ukweli. Ni kweli kwamba ndani ya goti mna ute unaolainisha maungio. Lakini ute huo hutengenezwa na utando wa ndani ya goti lenyewe. Ute wa bamia huishia tumboni, ukameng'enywa kama chakula kingine; hakuna njia ya kuufikisha gotini ukiwa ute. Tena, katika kulika kwa goti, linaloharibika hasa ni gegedu na mfupa ulio chini yake, na mara nyingi goti huvimba kwa maji kuzidi.

Bamia ni mboga njema na haina kosa. Hasara ipo katika miezi ambayo mgonjwa huipoteza akiisubiri imponye.

Video njema husema nini

Video inayostahili muda wako itaeleza kwamba mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, yakifanywa kwa utaratibu, hupunguza maumivu. Na kwamba kwa mwenye uzito uliozidi, kila kilo anayopunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Haitaahidi kwamba vidonge vya glukosamini vitaiotesha gegedu upya: utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliona kwamba, kwa wagonjwa wote kwa jumla, havikupunguza maumivu kuliko vidonge visivyo na dawa.

Video njema pia hukiri mpaka wake. Yaweza kufundisha zoezi, lakini haiwezi kulishika goti lako na kujua kama limelika, limechanika kano au limeingia usaha. Zoezi linalomfaa mmoja laweza kumuumiza mwingine.

Hatari iliyofichwa ndani ya chupa

Mwaka 2022, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu baadhi ya virutubisho vya maungio vilivyouzwa madukani na mtandaoni. Vilipopimwa, vilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Dawa hizo hupunguza maumivu haraka, na ndiyo maana wanunuzi walisadiki. Lakini diklofenaki yaweza kusababisha vidonda vya tumbo vinavyovuja damu na kudhuru figo. Nayo deksamethasoni hupandisha sukari na shinikizo la damu, na kuiacha ghafla baada ya kuizoea ni hatari. Kwa hiyo, anayetumia bidhaa asiyoijua aipeleke kwa daktari pamoja na chupa yake, wala asiifiche kwa aibu.

Dalili zisizosubiri video

Nenda kituo cha afya mara moja endapo goti limevimba, lina joto na una homa; huwezi kulikanyagia baada ya kuanguka au kugongwa; limekwama, halikunjuki; au nyama ya nyuma ya mguu, chini ya goti, imevimba na kuuma. Mtoto anayeamshwa usiku na maumivu ya goti naye apelekwe bila kuchelewa.

Haki yako na pa kulalamikia

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha walaji katika biashara. Kabla ya kulipa, uliza kama dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), au, ikiwa ni ya asili, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ukidanganywa, hifadhi picha ya tangazo, namba ya muuzaji, ujumbe wa malipo na chupa yenyewe, kisha uwasilishe malalamiko kwa mamlaka hizo au kwa Tume ya Ushindani. Lalamiko lenye vielelezo hushughulikiwa kwa wepesi zaidi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ushuhuda wa mtu mkweli hautoshi kuthibitisha kwamba dawa inaponya goti?
2. Chagua video moja ya goti uliyotumiwa na ndugu au jirani. Imejibu mangapi kati ya maswali saba?
3. Taja dalili tatu za goti zinazokutaka uende kituo cha afya leo.