Nitakuja, Mungu Akipenda

Barua ya wiki hii imetoka Nyarubungo, upande ule wa Kagera ambako Biharamulo inapakana na Ngara. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la hesabu, na nyuma yake kuna vipimo vya mtu: kifua 40, kiuno 36, mkono 22. Mwandishi ni fundi cherehani. Anaanza kwa "Shikamoo Shangazi", anaomba radhi kwa karatasi, kisha anaingia kwenye jambo lenyewe.

Jirani yake, mama mtu mzima ambaye ni mlokole, humwalika kanisani kila Jumamosi jioni. Huja saa ambayo pasi ya mkaa imeshika moto na wateja wamekaa barazani wakisubiri nguo za kuvaa kesho yake. Mama husema "Bwana asifiwe", fundi hujibu "Amina", na swali hufuata papo hapo, mbele ya wote: kesho tutakuwa pamoja, mwanangu? Fundi huinamia kitambaa, hutoa pini mdomoni na kusema, "Nitakuja, Mungu akipenda." Ameshasema hivyo Jumamosi saba. Jumapili zote saba amejifungia ndani hadi watu wapite kurudi makwao.

Mama huyu si mtu baki. Fundi alipolazwa wiki mbili, ni yeye aliyekaa na mtoto wake, akamlisha na kumpeleka shule. Tena ni kwaya ya mama huyo iliyoleta oda kubwa kuliko zote mwaka huu, sare 24. Fundi mwenyewe amebatizwa Mkatoliki, lakini hajakanyaga kanisani kwao mwaka wa tatu sasa, tangu Jumapili ile ambapo majina ya wasiomaliza mchango wa ujenzi yalisomwa kwa sauti baada ya misa, na lake likawa la tatu kutoka juu. Anauliza afanyeje akatae bila kumuumiza mama, bila kupoteza kazi, "na bila kuja kuzikwa kama mtu asiye na watu". Mwishoni, kwa maandishi madogo, ameongeza swali kuhusu sare za Pasaka.

Shangazi alipofika kwenye "Mungu akipenda" alicheka peke yake hadi akaulizwa kulikoni. Jumamosi saba fundi ametoa ahadi kwa jina la Mungu, Jumapili saba hakwenda. Kwa hesabu hiyo, ni Mungu ndiye hakupenda! Mama mlokole, ambaye anamjua Mungu wake vizuri, hawezi kuamini hivyo hata kidogo. Kwa hiyo kila wiki anarudi akidhani mlango uko wazi na kilichokosekana ni msukumo kidogo tu. Fundi anaona anasumbuliwa; mama anaona anaitwa. Wote wawili wanasoma neno lile lile.

Kosa si la fundi peke yake. Mtu akipita penye sufuria akaambiwa "Karibu tule", ana jibu tayari mdomoni: "Asanteni, endeleeni", au "Nashukuru, nimetoka kula sasa hivi." Hata kama tumbo linanguruma, wenye chakula hawakasiriki, naye anakwenda zake na heshima yake. Ugali umewekewa mlango wa kutokea tangu enzi za mababu. Ibada haijawekewa. Hakuna anayejibu mwaliko wa kanisani kwa "Asanteni, endeleeni", ingawa kwa kweli lingekuwa jibu zuri. Ndiyo maana watu hukimbilia "nitakuja", "tuombeane", "wiki hii nimebanwa", na Waislamu walioalikwa darasani na majirani zao wana "inshallah" ambayo kila mtu anajua inaweza kuelekea upande wowote.

Kabla ya kumtafutia fundi jibu, inafaa amjue anayegonga hodi. Neno "mlokole" limetoka kwa Waganda, kwao balokole ni waliookolewa, na lilisambaa na uamsho uliowaka miaka ya 1930 kutoka misheni ya Kianglikana ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera ukitokea Ngara. Uamsho ule ulienea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya, na kwa sehemu kubwa haukuenezwa na maaskofu. Ulienezwa na walimu wa shule, wauguzi, wakulima na wanawake wa nyumbani, wakitembea wawili watatu, mlango kwa mlango. Walitubu hadharani na kutaja dhambi kwa jina. Walirudisha vitu walivyoiba. Huko Kagera uamsho uliwaingia Waanglikana na Walutheri. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, ambaye mwaka 1977 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa mtu wa uamsho huo.

Katika mapokeo hayo, anayeokoka hana ruhusa ya kunyamaza. Ushuhuda ni deni. Mama anayesimama barazani kwa fundi kila Jumamosi hatafuti idadi ya kumpelekea mchungaji, au si hiyo tu. Anaamini kweli kwamba amepata kitu, na kumficha jirani anayempenda kungekuwa uchoyo. Fundi anaandika kwamba anajiona "kama samaki anayevuliwa". Inaeleweka. Lakini huyu mvuvi alimwogeshea mtoto wiki mbili na hakuna popote katika barua panaposema aliomba malipo ya sala.

Upande wa pili wa mpaka wa madhehebu, pande hizo hizo, kulikuwa na namna nyingine ya kuita watu. Christopher Mwoleka alikuwa askofu Mkatoliki wa Rulenge, jimbo ambalo tangu 2008 linaitwa Rulenge-Ngara, kuanzia 1969 hadi 1996. Wakati wa vijiji vya ujamaa, alikwenda kuishi na kulima na wanakijiji wa Nyabihanga. Askofu, jembe mkononi. Wapo waliomwona kituko, wapo waliomwona mwanasiasa. Yeye aliona kwamba imani ya watu wasioshirikiana maisha ya kila siku ni maneno tu, na akawa miongoni mwa waliosukuma sana jumuiya ndogondogo, zile za nyumba chache zinazokutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, wakikutana Nairobi chini ya umoja wao, AMECEA, walizifanya jumuiya hizo kuwa msingi wa kazi yao.

Hivyo fundi amekaa katikati ya mapokeo mawili. Moja linapiga hodi na kusema. Jingine linakaa nawe kwanza, linalima nawe. Yote mawili, yakichoka, huharibika kwa namna yake: la kwanza linageuka kero ya Jumamosi jioni, na la pili linageuka daftari la mahudhurio na orodha ya michango inayosomwa kwa sauti. Fundi alikimbia la pili, akalikuta la kwanza mlangoni.

Na hapa Shangazi ana neno ambalo huenda fundi asilipende. Ukurasa mzima wa kwanza wa barua unamlalamikia mama mlokole. Kisa cha majina kusomwa kimepewa mistari miwili tu, na kalamu imekandamizwa hapo hadi karatasi ikatoboka. Aliyemwaibisha siye anayemwalika. Mama wa watu analipa deni la parokia ambayo hata si yake. Hii haimaanishi kwamba fundi arudi misani wala aende kwa walokole. Hilo halimhusu Shangazi. Ila kama hasira ile bado mbichi, ina mahali pake pa kupelekwa: kwa katekista, au kwa padri akipita, ana kwa ana, na maneno machache. "Siku ile mliniaibisha, nilikuwa nimelipa nusu, na mtoto alikuwa mgonjwa." Akisikilizwa, vizuri. Asiposikilizwa, atakuwa ameshautua mzigo huo mahali unapohusika.

Kisheria, wote wawili wamo ndani ya haki yao. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuamini, na hata wa kubadili dini, na inasema kueneza dini ni jambo huru na la hiari ya mtu binafsi. Mama ana haki ya kualika, fundi ana haki ya kubaki na cherehani yake. Serikali yenyewe iliacha zamani kuuliza: sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kumuuliza Mtanzania dini yake. Kazi hiyo imebaki kwa majirani na wateja, ambao hawahitaji fomu. "Unasali wapi?" huulizwa kabla hata futi haijazunguka kiuno. Kwa swali hilo la wateja, fundi ajibu ukweli mfupi usio na mlango wa mjadala: "Nimebatizwa Mkatoliki, dada. Mikono tuiache mirefu au nusu?"

Mama ni habari nyingine, anastahili zaidi ya hilo.

Fundi asimjibu Jumamosi. Jumamosi kuna wateja, kuna haraka, na kukataliwa mbele ya watu humfanya mtu atetee heshima yake badala ya kusikia. Aende yeye kwa mama, Jumanne au Jumatano mchana, siku ambayo kazi si nyingi. Asiende mikono mitupu; kilo ya sukari inatosha. Akae, waulizane habari za watoto na shamba, chai inywewe. Kisha aseme, na Shangazi anapendekeza maneno yasizidi haya: "Mama, nimekuja kukuomba radhi. Kila Jumamosi nakuahidi na siji, na wewe si mtu wa kudanganywa. Kanisani sitakuja. Nikibadilika moyo, wewe ndiye nitakayekuambia wa kwanza. Ukinikumbuka kwenye sala zako nitashukuru. Lakini naomba usinialike tena mbele ya wateja."

Maneno ya kuomba radhi yatangulie, kwa sababu ni ya kweli. Mtu wa uamsho anaijua thamani ya anayekuja mwenyewe kukiri uongo wake. Ni lugha yake kabisa. Asiongeze sababu. Asiseme kanisa lenu lina kelele, wala mahubiri yenu ni marefu, wala nina hasira na padri. Kila sababu ni mlango, na mama ataingia nayo. Asitumie "labda". Na asimtaje Mungu katika kukataa kwake, maana ameshamtaja mara saba.

Mama anaweza kuhuzunika. Anaweza kutoa machozi, wengine hutoa. Fundi amwache ahuzunike bila kumpoza kwa ahadi ya nane. Anaweza pia kusema ataendelea kumwombea. Hapo jibu ni "Asante, mama", na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Kuhusu kuzikwa, fundi amechanganya vitu viwili. Kuzikwa kwa ibada ya Kikatoliki kunahusu uhusiano wake na jumuiya na parokia, na hilo ataliuliza kwa katekista siku ile ile ya kutua mzigo wake. Kuzikwa na watu ni jambo jingine. Kijijini watu huzikwa na wale waliowazikia wenzao. Awe ndani ya chama cha kufa na kuzikana, mchango wake usichelewe, na kwenye msiba asikae barabarani akisubiri ibada iishe. Aingie, akae mkekani, asimame wanaposimama. Harusi ya mtoto wa mama mlokole vilevile, aende, tena kwa gauni aliloshona mwenyewe. Mama akiona jirani yake anakuja kwenye kila jambo isipokuwa ibada ya Jumapili, atajua kwamba aliyekataliwa si yeye.

Kazi haitaharibika kirahisi hivyo. Kwaya haikuleta sare 24 kwa sababu fundi ni mtarajiwa wa wokovu. Ilileta kwa sababu kola zake zinakaa, na waliomtangulia walichelewesha. Kama ipo siku watampelekea fundi mwingine kwa ajili ya dini, itamuuma, naye atashona za shule. Sare za wanafunzi haziulizi mtu anasali wapi.

Likabaki lile swali la maandishi madogo: kwaya imetaka sare nyingine za Pasaka, je, azipokee kabla ya kuzungumza na mama au baada? Baada. Azungumze Jumanne, oda aipokee Alhamisi, achukue nusu ya malipo kabla ya kukata kitambaa kama anavyowafanyia wateja wote, na vipimo aviandike kwenye daftari badala ya karatasi za barua. Mwenye kifua 40 na mkono 22 huenda sasa hivi anasubiri blauzi yake, na vipimo vyake viko mezani kwa Shangazi.