PRIZI IKIPATA JOTO, USINGOJE



Umeme wa SNEL hapa Kisangani unatoka kwenye maporomoko ya mto Tshopo. Ukifika nyumbani una nguvu ya volti 220. Nguvu hiyo inapiga pasi, inawasha redio, na inaweza kumwua mtu.

Dalili za prizi mbovu

Prizi ina joto ukiigusa. Kifuniko kimekuwa cha rangi ya kahawia. Kuna harufu ya plastiki inayoungua. Kuna sauti kama mafuta yanayokaangwa. Taa inazimika na kuwaka ukitikisa fishi. Dalili moja tu inatosha: chomoa kila kitu, usitumie prizi hiyo tena.

Joto linatoka wapi?

Mara nyingi ni visi iliyolegea ndani ya prizi. Waya haukazwi vizuri, umeme unapita kwa shida, na mahali pale panapata moto. Wengi husema: «Fuzibule haijakatika, basi hakuna hatari.» Sivyo. Fuzibule hukatika umeme unapopita kiasi. Visi iliyolegea huungua hata kwa umeme wa kiasi cha kawaida. Fuzibule haijui kitu, na nyumba inaweza kuwaka.

Sababu ya pili ni mzigo. Pasi ya wati 1000 inavuta ampea 4.5 hivi; jiko la umeme la wati 2000 linavuta ampea 9. Ukiongeza birika la wati 2000 kwenye prizi ileile, umepita ampea 22. Prizi ya kawaida imetengenezwa kwa ampea 16. Fuzibule ikikatika, usiweke waya mnene mahali pake: umeondoa mlinzi na kumwacha mwizi ndani.

Prizi iliyokufa inaweza kuwa hai

Prizi haiwashi kitu. Jaribu kwanza taa hiyo kwenye prizi nyingine, labda taa ndiyo mbovu. Kama prizi kadhaa zimekufa pamoja, ubaya mara nyingi uko kwenye ile ya kwanza katika mstari, maana nyingine zinapata umeme kupitia kwake. Lakini angalia sana: ukikatika waya wa kurudisha umeme, taa haitawaka, na waya mwingine bado una volti 220. Usitie kidole.

Fanya kama kazini

Kazini hakuna anayefungua mashine kabla ya kukata umeme, kufunga kufuli, kuweka kibao na kupima. Nyumbani ni vilevile:

1. Kata dijonkteri, na uwaambie wote wa nyumbani wasiiguse.
2. Jaribu kipimo chako kwanza mahali penye umeme, uhakikishe ni kizima.
3. Pima waya zote za prizi. Usiamini rangi zake. Katika nyumba za zamani zilichanganywa.
4. Rudi ujaribu kipimo tena mahali penye umeme.
5. Waya ulioungua ukatwe hadi shaba safi, visi ikazwe. Prizi iliyoungua itupwe, isirudishwe.

Kama huna kipimo au hujui kazi hii, acha dijonkteri imekatwa na uite fundi.

Tena jambo moja: SNEL wakikata umeme, usiseme huo ndio wakati wa kutengeneza. Kipimo hakitaonyesha kitu, na umeme utarudi bila kukuita jina. Kata dijonkteri hata kama mtaa wote uko gizani.

Mtu akishikwa na umeme

Usimguse. Kata dijonkteri. Ukishindwa, simama mahali pakavu, msukume kwa mti mkavu. Kama hapumui, tuma mtu akaite msaada, mkandamize kifua kwa nguvu na umpulizie pumzi mdomoni. Hata akisimama na kusema amepona, apelekwe kwa muganga: moyo unaweza kusumbuka baadaye.

Leo jioni, pitisha mkono juu ya kifuniko cha kila prizi nyumbani. Iliyo na joto, usiiache mpaka kesho.