Somo la Wanachama: Kutoa Pikapu Kuukuu na Kuchukua Mpya



Karafuu mbichi zikishachumwa hazingoji. Zikilala ndani ya magunia hupata joto na kupauka, na hata zikianikwa huwa hazina rangi wala uzito wake, na kituoni hushushwa daraja. Kwa hivyo pikapu inayokufa njiani katikati ya msimu inamtia mwenye shamba hasara mbili, ya gari na ya karafuu. Ndiyo maana wengi wetu, tukishapokea malipo ya zao letu, hupenda kumpa muuzaji gari kuukuu, kumwongezea fedha, na kuchukua jipya.

Njia hii ni nzuri kwa mwenye kuijua hesabu yake. Tukisema gari jipya, tuna maana ya jipya kabisa, au lile lililotumika Japani kisha likaletwa visiwani. Hesabu ni moja.

1. Tazama nyongeza

Nyongeza ni fedha unayotoa mkononi juu ya gari lako kuukuu. Hiyo ndiyo bei yako ya kweli. Muuzaji akikisifu chombo chako na kukipa thamani kubwa, usifurahi kabla hujajua bei ya kile anachokuuzia, kwani anachokuongezea huku anaweza kukitwaa kule. Tufanye mfano wa hesabu:

Muuzaji wa kwanza anauza pikapu kwa shilingi 62,000,000, na gari lako analipokea kwa 18,000,000. Nyongeza ni 44,000,000.

Muuzaji wa pili anauza pikapu ya namna ile ile kwa 57,000,000, na gari lako analipokea kwa 15,000,000. Nyongeza ni 42,000,000.

Yule wa kwanza amekupa thamani kubwa zaidi kwa milioni 3, lakini kwake utatoa milioni 2 zaidi. Basi ulizia kwanza bei ya gari jipya kama mtu asiye na gari la kutoa. Iandike. Kisha ndipo ulitaje gari lako. Mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Kuuza mwenyewe, au kumpa muuzaji?

Mara nyingi mtu akiuza gari lake mwenyewe hupata zaidi, kwa sababu muuzaji naye anataka faida yake atakapoliuza tena. Tuseme umepata mnunuzi wa shilingi 17,000,000, nawe ukanunua jipya kwa yule muuzaji wa pili. Itakubidi uongeze 40,000,000. Yaonekana umeokoa milioni 2.

Lakini hesabu haijesha. Dalali, tuseme, anataka 1,000,000. Tangu siku ya kutoa gari kuukuu mpaka jipya lishuke Mkoani, tuseme ni siku 8, na huu ni msimu, kwa hivyo unakodi gari la kubebea karafuu kwa 100,000 kwa siku. Hiyo ni 800,000. Jumla yako sasa ni 41,800,000, na ulichookoa ni 200,000 tu. Meli ikichelewa siku 2, faida yote imekwisha. Ikichelewa zaidi, umepata hasara.

Ukifanya biashara hiyo hiyo baada ya msimu, wakati huna haja ya kukodi, utakuwa umeokoa 1,000,000 kamili. Fundisho lake ni hili: mwenye nafasi ya kungoja na auze mwenyewe nje ya msimu, aliye katikati ya uchumaji, kumpa muuzaji huenda kukamfaa zaidi. Lakini asitoe ufunguo wa gari kuukuu kabla hajakabidhiwa jipya.

3. Kulitayarisha gari kuukuu

Lioshe ndani na chini. Badilisha taa iliyoungua, na weka tayari jeki, tairi la akiba, funguo zote na karatasi za matengenezo. Mambo haya ni ya gharama ndogo na humwonyesha mtu kuwa gari lilitunzwa. Usiingie katika gharama ya kupaka rangi gari zima, kwani aghalabu fedha hiyo hairudi.

Kutu ndiyo adui wa magari ya kisiwani, kwa ajili ya hewa ya chumvi. Usiizibe kwa rangi. Mnunuzi mwenye akili hulala chini akaigonga chasisi, na akishaiona kutu iliyofichwa hataamini tena neno lako lolote. Aibu ya gari isemwe mapema, na bei ikubaliwe juu yake.

Nawe ulipime lile jipya kwa macho hayo hayo. Likiwa limepata kutumika, usitegemee saa ya maili peke yake, maana huweza kurudishwa nyuma. Tazama pedali, usukani na viti vilivyolika. Linganisha namba ya chasisi na ile iliyoandikwa katika karatasi. Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji.

4. Kadi ya gari

Hapa ndipo wengi hulegea. Gari likiondoka bila ya kubadilishwa jina, bado ni lako mbele ya sheria. Likigonga mtu, au likikamatwa usiku lina karafuu za magendo, jina la kwanza kuulizwa ni lililo katika kadi. Mkataba uandikwe, utiwe saini mbele ya mashahidi, na uonyeshe tarehe na saa ya makabidhiano. Kisha fuateni wote wawili usajili mpaka jina libadilike.

5. Kulipa kwa awamu

Ikiwa nyongeza italipwa kidogo kidogo, uliza jumla ya fedha yote mpaka awamu ya mwisho, wala usitosheke na kutajiwa malipo ya mwezi. Na kumbukeni kuwa mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka wa neema hufuatwa na mwaka mkavu, lakini deni halijui msimu. Awamu ipimwe kwa mwaka mbaya, sio kwa mwaka mzuri.

Masuali ya kuzungumzwa matawini

(a) Muuzaji mmoja anauza kwa 48,000,000 na kupokea gari lako kwa 9,000,000. Mwingine anauza gari la namna hiyo kwa 50,000,000 na kupokea lako kwa 12,000,000. Nani mwenye nyongeza ndogo?

(b) Katika shamba lako, siku moja bila ya gari wakati wa uchumaji inakugharimu kiasi gani?

(c) Je, gari ulilouza zamani limekwisha kutoka katika jina lako? Nenda ukahakikishe.